Mteja Akiandika Neno la Siri, Tazama Mlima

Vijana wangu mnaobaki kwenye chumba cha kompyuta, mliniomba niwaachie maneno mawili matatu kabla sijazama shambani kwenye maharage yangu. Mlitaka niwaeleze wezi wa mtandao wanavyofanya kazi. Nimekaa barazani wiki nzima na kikombe cha kahawa. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, unakuja mpaka kwenye migomba, unasimama kidogo kama mgeni anayeuliza njia, halafu unarudi zake. Kila ukirudi nakumbuka jambo jingine. Kwa hiyo msitegemee mpangilio wa kisomi. Habari za vyeo nitaziruka, maana vyeo vyangu vyote vingeenea nyuma ya stempu. Mshahara mnaujua, ulikuwa ndugu wa wenu.

Nilianza kabla lami haijafika Karatu. Nyinyi mnaopanda kutoka Mto wa Mbu huku mmesinzia kwenye viti hamwezi kujua vumbi lile. Lingetosha kufyatua matofali ya kanisa kuu na nyumba ya padri juu yake, na jioni nusu yake lilikuwa limelala masikioni mwangu. Kando ya barabara kuu palikuwa na duka la Mama Aika, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Kilimanjaro na mabegi mawili na akili ya watu kumi. Aliuza madaftari na kalamu, na kwenye kona alikuwa na kibanda cha simu na faksi. Madereva wa safari walikuja pale kupiga Arusha na kuuliza wageni wao wamekwama wapi.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu walishakuwa na watoto wa darasa la tano. Mchana nilibeba magunia ya ngano, jioni nikabeba aljebra. Magunia yalikuwa mepesi. Mama Aika aliniona napita na kitabu kichwani, juu ya gunia, akaniita.

"Boay, unaogopa nyoka?"

"Kidogo, mama."

"Na mashine?"

"Sijawahi kusikia mashine imeuma mtu."

"Basi kesho njoo umeoga."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu wa kazi.

Kompyuta ya kwanza ilikuja kwenye lori lililokuwa linarudi kutoka kupeleka vitunguu vya Mang'ola mjini, na kwa mwezi mzima kila ikipata moto ilinuka kachumbari. Tuliifunika khanga mbili, moja ya vumbi na moja ya heshima. Siku ya kwanza sikuigusa. Nilikaa mbele yake kama mtu aliyeletwa kwa wakwe, nikingoja iseme kwanza. Baadaye zikawa tatu, na juu ya mlango Mama Aika akaandika INTANETI kwa rangi iliyobaki alipopaka choo.

Aliyekuja kufunga ile mitambo ni Fundi Gasper wa Arusha, mtu mwembamba mwenye mifuko mingi. Huyo ndiye mwalimu wangu. Alichomeka modemu kwenye waya wa simu, nayo ikalia kama fisi wanne wanaogombea mfupa mmoja ndani ya bomba. Halafu kukawa kimya, na Gasper akanyanyua kidole.

"Sasa umeingia," akasema.

"Nimeingia wapi?"

"Duniani. Na dunia imeingia kwako. Hilo la pili ndilo watu wanalisahau."

Mwendo wa intaneti ile msinicheke. Picha ya tembo ilianza kufunguka masikio asubuhi, miguu ikafika watu wakitoka kula. Mteja aliweza kutuma barua, akaenda kunyoa, akanywa chai, akagombana na kinyozi, akarudi na kukuta barua bado inajikaza kutoka. Mimi niliipenda hali ile. Nilikuwa nawaza kwamba zile barua zinapanda juu ya kingo za kreta, zinapumzika kidogo kwenye miti yenye ndevu za ukungu, ndipo zinaruka kwenda nchi ambako kuna theluji. Mpaka leo ukiniambia hazikupita huko sitakuamini sana.

Kabla hajaondoka Gasper alinifundisha kazi nzima kwa swali moja.

"Watu watakuja hawajui hata kushika kipanya. Utawaelekeza. Mteja akifika pa kuandika neno lake la siri, utafanya nini?"

"Nitamsaidia."

"Utatazama mlima."

Dirisha letu lilielekea Oldeani.

"Utageuza shingo mpaka asikie mifupa ikilia. Yeye atajua hukuona. Wewe pia utajua hukuona, na siku kitu kikipotea utalala usingizi wako."

Ndiyo maana mimi naujua mlima Oldeani kuliko wanaoishi mgongoni mwake. Nimeutazama ukiwa wa bluu, wa kijivu, wa rangi ya ini. Nimeuona umevaa wingu kama kofia ya bibi harusi. Kuna asubuhi haukuwepo kabisa, mahali pake pamejaa maziwa, na mimi nautazama hivyo hivyo huku nyuma yangu mtu anabonyeza kitufe kimoja kimoja. Wateja wengine walikuwa wananiuliza, "Boay, umelala?" Nilikuwa kazini. Katika kazi yetu hii, nusu ya ujuzi ni kujua pa kuweka macho.

Basi dunia ikaingia, kama Gasper alivyosema. Kwanza zilikuja zile barua za mjane wa jenerali. Sijui majenerali wa nchi ile walikuwa wangapi, lakini wote walikufa mwaka mmoja, na wajane wao wote walimchagua mtu wa Karatu awatunzie mali. Halafu zikaja za bahati nasibu. Bwana Tluway, mkulima wa vitunguu, aliingia siku moja amevaa suti ya Krismasi ingawa ilikuwa mwezi wa tano.

"Boay, nimeshinda. Nchi ya mbali. Soma hapa."

"Ulicheza lini?"

"Sikucheza."

"Sasa unashindaje usichocheza?"

Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo maana inaitwa bahati, ndugu yangu. Ukicheza inakuwa jasho."

Nilimwomba anisomee sentensi ya mwisho. Ilisema ajibu leo leo, na asimwambie mtu yeyote, hata mkewe. Nikamuuliza, katika maisha yake, ni nani aliyewahi kumletea jambo jema akamwambia fanya haraka na usimwambie mkeo. Akafikiri. Akavua koti la suti, akalikunja vizuri, akasema, "Hakuna. Lakini wako walioniletea baya hivyo hivyo." Akaenda nyumbani. Vijana, teknolojia imebadilika mara elfu tangu hapo, lakini wezi bado wanapikia chungu kile kile: haraka na siri. Ukisikia harufu hizo mbili pamoja, toa chungu jikoni kwanza, maswali baadaye.

Wengine walikuja na flopi, zile diski bapa za zamani, zenye virusi, nikazipima zote kwenye mashine moja iliyotengwa, kama karantini ya mifugo. Hayo yalikuwa mambo madogo. Jambo lililonifundisha kazi ni la Mzee Lemburis.

Mzee Lemburis alikuwa mfugaji wa upande wa Endulen, ndani ya hifadhi, mrefu kama nguzo ya simu na mwenye sauti iliyoweza kuamsha mochwari. Boma lake lilikuwa karibu na njia ya magari ya wageni, naye alipokea watalii, akawaonyesha ndama, wakanunua shanga za wake zake. Dereva mmoja alimshauri awe na barua pepe. Akaja kwangu, nikamfungulia, naye akaenda kuandika ile anwani kwa rangi nyeupe kwenye ubao mlangoni pa boma, herufi kubwa kama za kituo cha mafuta. Anwani si siri, hilo halina kosa.

Lakini kilichomfanya ashuke kila siku ya mnada hakikuwa watalii. Kilikuwa mjukuu wake, Naserian, mtoto wa kama miaka mitano. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, akitembea kidogo anachuchumaa chini, anapumua, anakutazama kwa macho makubwa kama anakuomba radhi kwa kukuchelewesha. Mzee alimbeba begani. Daktari mgeni aliyepita kwao, mama mmoja anaitwa Daktari Elsa, alikuwa amempima na kurudi kwao Ulaya kumtafutia nafasi ya upasuaji. Watoto walikuwa wengi, nafasi chache. Nafasi ikipatikana, barua ingekuja kwa Mzee Lemburis, na ilipaswa ijibiwe upesi, la sivyo angechukuliwa mtoto mwingine. Kwa hiyo ile barua pepe ya mzee haikuwa mchezo. Ilikuwa mlango mmoja tu uliobaki kwa yule mtoto.

Na neno lake la siri lilikuwa jina la maksai wake.

Mimi sikuliona, nilikuwa mlimani. Lakini halikuhitaji kuonwa. Mzee alikuwa na maksai wa rangi za mchanganyiko anayeitwa Sambu, na mfugaji wa kule ana desturi ya kumwimbia maksai anayempenda. Intaneti yetu ilivyokuwa na mwendo wa kobe mjamzito, mzee alikaa kwenye benchi kungoja zamu, mtoto amelala mapajani, akaimba. Aliimba pembe za Sambu, nundu ya Sambu, Sambu anavyovuka mto wengine wakisita. Duka zima lilinyamaza. Hata fisi wa modemu walikuwa kama wanasikiliza. Nawaambia, kuna siku niliona malisho ya Endulen yamejaa humo dukani mpaka kwenye rafu za madaftari, na nyasi zinatikisika.

Katika waliosikiliza alikuwemo mgeni mmoja aliyekaa mashine ya tatu. Alivaa viatu safi, jambo ambalo kwa Karatu ya siku zile lilipaswa kunishtua. Alisema anafanya utafiti wa utalii. Mpole, anasalimia wazee kwa kuinama.

"Mzee, shikamoo. Wimbo mzuri. Huyo Sambu ni ng'ombe?"

"Marahaba. Ni maksai."

"Na ndiye unayempenda kuliko wote?"

"Wewe, ningekuwa na wengine kumi kama yeye ningekuwa rais."

"Hebu niimbie tena ule mstari wa jina."

Mzee akamwimbia tena, kwa furaha, na akamweleza boma lake liko wapi na ubao wake umeandikwa nini. Hakuna aliyevunja kitu. Hakuna waya uliokatwa. Yule bwana alikuja na masikio mawili na adabu njema, basi. Mkisikia watu wanasema hodari wa kudukua ana akili za ajabu za kompyuta, kubalini kidogo, lakini mkumbuke kwamba wengi wao wamesomea watu.

Siku ya mnada iliyofuata mzee akaja, Naserian begani. Nikafungua ukurasa, nikatazama mlima. Nikasikia vitufe, halafu kimya.

"Boay, imekataa."

"Andika tena polepole."

Vitufe. Kimya.

"Imekataa tena. Kwani Sambu ana nini? Asubuhi nimemwacha anakula vizuri."

Ndipo nikajua neno lenyewe, kwa mara ya kwanza. Mama Aika alikuwa anahesabu chaki kwenye kaunta, naye akaacha.

"Mzee Lemburis," akasema, "umekuwa ukiimba neno lako la siri mbele ya Karatu nzima?"

"Mama, maksai asiyeimbwa ni nyama tu."

Mama Aika akazirudisha chaki kwenye boksi lake.

Tukatazama mashine ya tatu. Kiti kilikuwa kitupu. Yule bwana wa viatu safi alikuwa ameingia kwa jina la maksai, akalibadilisha, akatoka na ufunguo. Humo ndani kulikuwa na anwani ya Daktari Elsa, na namba yake ya simu chini ya kila barua yake, na labda barua yenyewe tuliyokuwa tunaingoja. Hatukuwa tumeviandika popote pengine. Naserian alikuwa amechuchumaa karibu na mguu wa meza, anapumua kwa mabega.

Nikabonyeza pale pa mtu aliyesahau neno la siri. Siku zile walikuuliza swali moja ulilolichagua siku ya kufungua akaunti. Mwizi alikuwa amebadilisha kufuli la mbele, lakini mlango wa uani alikuwa hajaupata. Swali likatokea kwa Kiingereza, nikalitafsiri bila kufikiri.

"Wanauliza jina la mama yako, mzee. Niambie niandike haraka."

Mzee akageuka akatazama barabarani. Nikadhani hajasikia, nikarudia.

"Nimesikia," akasema. "Hilo halisemwi. Yule alishalala usingizi wa milele, na sisi aliyelala hatumwiti jina."

Nikakumbuka siku ya kufungua akaunti. Kwenye swali hilo alinisukuma mkono kutoka kwenye vitufe, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi alizojifunza kwenye darasa la watu wazima. Nilidhani anafanya mazoezi.

"Hata kwa kuninong'oneza, mzee?"

"Wewe Boay umesoma mpaka usiku umekuogopa. Kunong'ona si kuita?"

"Basi andika mwenyewe kama siku ile. Mimi natazama mlima."

Akaitazama skrini, akatazama watu. Na hapa mzee alikuwa ameona kitu ambacho mimi, mtaalamu, sikukiona. Neno la siri linajificha kwa vinyota, lakini jibu la swali lile lilitokea wazi wazi, herufi kwa herufi. Ilikuwa siku ya mnada. Duka limejaa wanunuzi wa mbuzi, madereva, mama wa ndizi, kila mtu na shingo kama twiga.

Mama Aika hakuuliza mara mbili. Akapiga makofi.

"Haya, wote nje. Ndiyo, na wewe. Ndizi zako ziache, hakuna atakayezila."

"Mama Aika, nimelipia nusu saa," dereva mmoja akalalamika.

"Nitakupa saa. Toka."

Wakatoka, wakajipanga barazani. Mama Aika akampakata Naserian. Mzee Lemburis akavua shuka lake jekundu, akalitandaza juu ya skrini na juu ya kichwa chake mwenyewe, akaingia humo kama wapiga picha wa zamani. Mimi nikageukia dirishani. Oldeani ilikuwa nusu, wingu limekata kiuno chake. Nyuma yangu kitufe kililia, kikanyamaza muda mrefu, kingine kikalia. Mle ndani mwanga wa skrini uliwasha lile shuka kidogo kidogo, likawa kama kaa la moto mbali sana porini. Niliona taswira yake kwenye kioo cha dirisha, ile nyekundu ikielea juu ya mlima, na nikapata hisia kwamba humo chini kuna watu wawili wanaongea.

Alipotoka, uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetoka kusalimia. Skrini ilikuwa imefunguka na inaomba neno jipya la siri.

"Hili nalo usiimbe, mzee," nikasema.

"Hili halina wimbo," akajibu, akaandika. Sikuona.

Tukaingia. Yule mwizi alikuwa ameandikia kila mtu aliyemo humo, watalii, madereva, daktari. Barua fupi ya huzuni, Kiingereza kizuri kabisa. Nilitafsiri mpaka nusu, nikaishia hapo.

"Sema," mzee akasema.

"Ameandika kwamba Naserian amefariki. Anaomba rambirambi, zitumwe haraka, na wasipige simu maana familia imo kwenye msiba."

Mzee akamtazama Naserian, ambaye alikuwa kwenye mapaja ya Mama Aika anamenya ndizi aliyopewa na mama wa ndizi kupitia dirishani. Akamwinamia, akamtemea mate ya baraka kichwani, taratibu, kama anarekebisha kitu kilichoandikwa vibaya.

Jibu la Daktari Elsa lilikuwa chini yake. Alilia kwenye barua ile. Alisema nafasi ilikuwa imepatikana wiki hiyo hiyo, na kwamba sasa atampa mtoto mwingine, ili angalau mmoja apone, na leo jioni angethibitisha jina.

"Mwandikie," mzee akasema. "Mwambie ni mzima."

Nikaweka vidole kwenye vitufe, nikavitoa. Hapa vijana msikilize, maana ndiyo sababu nimeacha maharage. Sanduku lililosema uongo jana haliwezi kuaminiwa leo kwa sababu tu mwenyewe amerudi. Kama mimi ningekuwa Daktari Elsa, nikapata barua kutoka pale pale inayosema mtoto kafufuka, ningesema huyu mwizi sasa ameongeza chumvi. Ukitaka kuthibitisha jambo lililopita njia moja, pita njia nyingine.

"Mama Aika, simu," nikasema.

"Ulaya?"

"Ulaya."

Alinitazama, akamtazama mtoto. "Piga. Na watu wa simu nitagombana nao mwenyewe."

Nikapiga. Iliita huko mbali, sauti ya mlio wake laini, wa nchi isiyo na vumbi. Daktari Elsa aliongea Kiswahili cha wodini, kilichonyooka. Nikajieleza. Akasema, "Jana mliniandikia mtoto amekufa. Leo mtu nisiyemjua ananiambia mtoto yuko hai. Nani ananidanganya?"

Nawaambia kweli, sikukasirika. Nilimheshimu papo hapo. Nikamwambia, "Daktari, usiniamini. Uliza kitu ambacho mimi siwezi kukijua."

Akafikiri. "Mpe mtoto simu. Siku ile nilimwekea mipira ya kusikilizia masikioni, asikie kifua chake mwenyewe. Aliniambia alisikia nini?"

Mimi sikujua. Mzee naye alikuwa nje siku ile, hakujua. Nikampa Naserian simu, kubwa kuliko kichwa chake. Mzee akamtafsiria swali kwa Kimaa, lugha yao. Mtoto akaitazama simu, akaigeuza. Muda ulikwenda kwa namna ambayo kila sekunde niliisikia ikianguka chini. 

Halafu akasema kitu, kidogo sana, akapumua, akamalizia.

Mzee akachukua simu kwa mikono miwili. "Anasema alisikia ndama. Anakwenda, lakini anachechemea."

  Kisha Daktari Elsa akasema, kwa sauti iliyotoka kwenye simu mpaka nilipo, "Ni yeye. Msimpeleke nyumbani. Mpelekeni Arusha kesho, nitaandika jina lake sasa hivi."

Mama Aika akaingia ghafla kwenye kazi ya kupanga madaftari ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Siku zile zilizofuata nilifanya kazi ya usafi. Niliwaandikia watu wote walioandikiwa uongo, nikawaambia wapige simu ya duka kama wana shaka. Wachache walipiga, nami nikawaambia Naserian yuko Arusha kwa madaktari, wasikie na kelele za Karatu. Polisi tuliwaeleza, wakasikiliza vizuri, lakini sheria ya mambo yale ilikuwa haijazaliwa. Yule bwana wa viatu safi hakuonekana tena. Nimemsamehe kidogo, si yote. Mzee aliendelea kumwimbia Sambu kama kawaida, na sikumkataza. Siku zote nimewaambia wateja hivi: vitu unavyovipenda viimbe mpaka uchoke, ila kwenye kufuli weka neno ambalo hutalitamka hata kwa watu wanaokupenda.

Miezi ilipita. Ngano ikakomaa, ikavunwa, upepo ukabaki na makapi. Asubuhi moja ya ukungu, mlima haupo, nilikuwa natoa khanga kwenye mashine. Nikasikia viatu vinapiga kwenye baraza, mbio, vidogo. Naserian akaingia, midomo ya rangi ya midomo ya watoto wote, akazunguka meza, akazunguka tena, akapanda benchi.

"Babu yako yuko wapi?" nikamuuliza.

Akaonyesha nje. Nikatoka mlangoni. Kule chini barabarani, ukungu ukafunguka, na Mzee Lemburis akatokea taratibu, fimbo mkononi. Alipofika ngazini akachuchumaa, akashika magoti, mabega yanapanda na kushuka.

"Boay," akasema, anahema, "nisaidie. Huyu mtoto tangu tushuke garini hataki kubebwa."